Bahasha Zilipokwisha: Hesabu Nyuma ya Filamu ya Sophie Scholl

Mpelelezi anauliza juu ya sutikesi. Kwa nini mtu aende chuo kikuu asubuhi na sutikesi tupu? Binti wa miaka 21 aliyeketi mbele yake hababaiki. Anasafiri kwenda Ulm kwa wazazi wake, anasema, kuchukua nguo alizofuliwa na mama yake. Sutikesi ya kwenda kuletea nguo itakuwaje na kitu ndani? Robert Mohr wa Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, mwenye uso wa karani aliyechoka, anaandika. Jibu limekaa sawa. Kwa dakika kadhaa mtazamaji anasahau kwamba mwisho wa kisa anaujua, akaanza kuamini kuwa huyu binti atarudi nyumbani kula chakula cha jioni.

Muda mfupi kabla ya hapo sutikesi ile ilikuwa imejaa vipeperushi, kati ya 1,500 na 1,800.

Filamu yenyewe ni Sophie Scholl – Die letzten Tage, iliyotoka Ujerumani mwaka 2005. Aliyeiongoza ni Marc Rothemund, mswada ukaandikwa na Fred Breinersdorfer, Julia Jentsch akawa Sophie na Gerald Alexander Held akawa Mohr. Inakaribia saa 2, na inasimulia siku 6 za mwisho za mwanafunzi wa Munich aliyekuwa katika kikundi cha Waridi Jeupe. Alikamatwa Alhamisi tarehe 18 Februari 1943 karibu saa 5 asubuhi. Alikatwa kichwa Jumatatu tarehe 22, saa 11 jioni. Ni saa 102.

Nimeitazama mara tatu. Mara mbili za kwanza nilitazama kama watu wote, yaani kwa koo kukauka. Mara ya tatu nilikaa na kalamu, kwa sababu kuna jambo lilikuwa linanisumbua: katika filamu hii watu wanazungumzia sana vitu vidogo. Stempu. Bahasha. Karatasi. Nani alinunua nini, wapi, kwa fedha za nani. Filamu nyingi za upinzani dhidi ya udikteta hutujazia skrini kwa umati na vifaru. Hii inahesabu stempu. Nikaamua nami nihesabu.

Kwanza kipimo. Kugeuza fedha za Ujerumani za mwaka 1943 ziwe shilingi za leo ni kujidanganya. Bei zilipangwa na serikali, bidhaa zilipatikana kwa kadi, na vita vilivuruga kila kitu. Afadhali tupime kwa mshahara. Kwa takwimu za mfuko wa pensheni wa Ujerumani, wastani wa mapato ya mfanyakazi mwaka 1943 ulikuwa marki 2,324 kwa mwaka, sawa na marki 194 hivi kwa mwezi. Marki moja ilikuwa na pfennig 100. (Sisi wenyewe tumerithi kitu kutoka kwenye mkoba wa Wajerumani: neno hela linatokana na heller, sarafu waliyoileta Tanganyika mwanzoni mwa karne iliyopita, 100 kwa rupia moja. Pfennig haikutufikia.)

Sasa gharama za kosa lenyewe.

Waridi Jeupe lilitoa vipeperushi vya aina 6. Vinne vya kwanza viliandikwa na Hans Scholl, kaka yake Sophie, pamoja na Alexander Schmorell, kati ya mwisho wa Juni na katikati ya Julai 1942. Kila kimoja kilitolewa nakala 100 hivi tu. Jumla 400. Walikuwa wanafunzi wa udaktari, na mwezi huo huo wa Julai wakapelekwa upande wa Urusi kuhudumia majeruhi. Waliporudi Novemba hawakuwa watu wale wale. Kipeperushi cha tano, cha Januari 1943, kilirudufiwa nakala kati ya 6,000 na 9,000. Cha sita, kilichoandikwa na Profesa Kurt Huber baada ya Wajerumani kushindwa Stalingrad, kilifikia kati ya 2,000 na 3,000. Jumlisha vyote, chukua makadirio ya juu kabisa, unapata 12,400. Nchi ilikuwa na watu karibu milioni 80. Kipeperushi kimoja kwa kila watu 6,450.

Kutoka nakala 100 hadi maelfu si kuruka kwa moyo tu. Kunahitaji mashine. Waliosoma shule kabla ya kompyuta kuenea wanaijua: mwalimu alikata stensili kwa taipureta, akaivisha kwenye silinda, akatia wino, akashika mpini akaanza kuzungusha. Karatasi zilitoka moja moja, za mwanzo zimepauka, za katikati safi, za mwisho zimevuja wino. Mtihani wa muhula ulifika mezani ukinuka. Mashine ya akina Scholl ilikuwa ya ukoo huo huo, ya kuzungusha kwa mkono, na ilifichwa kwenye stoo ya chini ya studio ya msanifu majengo, uani, barabara ya Leopold. Filamu inaanza karibu na hapo: baada ya Sophie na rafiki yake kuimba pamoja na Billie Holiday redioni, tunaingia chumba chenye taa hafifu ambamo vijana wanazungusha, wanapanga, wanakunja.

Tuseme mzungushaji hodari hutoa nakala moja kila sekunde 3. Nakala 9,000 ni sekunde 27,000, yaani saa 7 na nusu bila kupumzika. Usiku mmoja au miwili. Kumbe uchapaji haukuwa kazi kubwa. Kazi ilikuwa anwani. Kuandika bahasha moja, kutafuta jina katika kitabu cha simu, kukunja, kutia, kulamba gundi, kubandika stempu, kwa haraka kabisa ni dakika moja. Bahasha 2,000 ni saa 33. Mjini Ulm mwanafunzi wa sekondari, Hans Hirzel, ambaye baba yake alikuwa mchungaji, aliifanya kazi hiyo na mwenzake Franz Müller nyuma ya kinanda kikubwa cha kanisa, wakiandaa barua za kwenda Stuttgart. Ninapofikiria upinzani dhidi ya Hitler picha inayonijia sasa ni hiyo: vijana wawili wamejibanza nyuma ya mabomba ya kinanda, ndimi zimekauka kwa kulamba gundi.

Kisha posta. Barua ya ndani ya mji ililipiwa pfennig 8. Barua ya mji hadi mji, pfennig 12. Ukituma barua 2,000 kutoka Munich kwenda Stuttgart utalipa marki 240. Ukizibeba mwenyewe kwa treni ukazitia kwenye masanduku ya posta ya huko huko Stuttgart utalipa 160. Akiba ya marki 80, zaidi ya theluthi moja ya mshahara wa mwezi. Zaidi ya akiba, muhuri wa posta unawadanganya polisi: wanaona barua zinatoka Stuttgart, Augsburg, Salzburg, Linz, Vienna, wanadhani kuna mtandao wa nchi nzima. Mtandao wa nchi nzima ulikuwa watu wachache wenye tiketi za treni. Sophie alipanda treni kwenda Augsburg tarehe 25 Januari akiwa na barua karibu 250. Karibu 100 zilikuwa hazijabandikwa stempu. Akanunua za pfennig 8 baada ya kufika. Marki 20 kwa barua zote 250. Huo ndio ukubwa wa bajeti tunayozungumzia.

Na fedha zilitoka wapi? Nyingi ni za mifukoni mwao, za wanafunzi. Mchango mkubwa unaojulikana ni wa Eugen Grimminger wa Stuttgart, mkaguzi wa hesabu: marki 500. Ni mishahara ya miezi 2 na nusu ya mtu wa kawaida. Kwa marki hizo 500 alifungwa miaka 10, na mke wake Jenny, aliyekuwa Myahudi, akauawa Auschwitz mwaka huo huo wa 1943. Sijui namna ya kuweka sentensi hiyo katika jedwali la gharama, lakini ndiyo sehemu yake.

Ukiweka hesabu hivi unaona kitu ambacho masimulizi ya ushujaa hukificha. Nakala 9,000 kwa stempu ya pfennig 8 ni marki 720, karibu miezi 4 ya mshahara, kabla hujanunua karatasi. Tena huwezi kwenda dirishani posta ukaomba stempu 1,000 wakati wa vita bila karani kuinua macho, kwa hiyo zilinunuliwa kidogo kidogo, posta hii na ile. Karatasi vivyo hivyo. Bahasha vivyo hivyo. Kwa hiyo usiku mmoja mwishoni mwa Januari waliposambaza maelfu kwa mikono yao katika mitaa ya Munich, milangoni, kwenye vibanda vya simu, ilikuwa ni ujasiri, sawa, lakini pia ilikuwa ni njia ya kukwepa bei ya stempu.

Hapo ndipo tukio la mwanzo la filamu linapopata uzito wake. Kipeperushi cha sita kimechapwa. Vijana wanatia katika bahasha. Bahasha zinakwisha, vipeperushi vimebaki. Rundo liko pale mezani. Hans anasema atavipeleka chuo kikuu mchana. Mwenzao Willi Graf anapinga: ni hatari mno. Mabishano yenyewe ni mafupi, na ukiwa bado unatafuta mahali pa kuweka bisi zako utayakosa. Lakini filamu nzima imejengwa juu ya hiyo kasoro ya hesabu: nakala ukitoa bahasha ni sawa na sutikesi moja.

Siku ya pili kaka na dada wanaweka mafungu mbele ya milango ya kumbi za mihadhara. Yanabaki machache. Wanarudi. Sophie analisukuma kwa mkono fungu lililo juu ya ukuta wa roshani, na karatasi zinashuka uwanda wa chini wa chuo kama njiwa waliotishwa. Fundi wa jengo, Jakob Schmid, anawaona. Anawashika.

Schmid alilipwa marki 3,000 na kupandishwa cheo. Kumbuka wastani wa mwaka: 2,324. Serikali ilimpa mtu mmoja, kwa kazi ya dakika chache, mshahara wa mwaka mmoja na miezi mitatu. Schmorell alipotoroka ikatangazwa zawadi nyingine ya marki 1,000. Jumla 4,000, mara nane ya mchango wa Grimminger. Na bado sijahesabu kikosi maalumu cha Gestapo kilichoundwa kuwasaka, wala safari ya Roland Freisler, rais wa Mahakama ya Umma, aliyetoka Berlin hadi Munich ili aongoze kesi yeye mwenyewe.

Siku ile ile ya sutikesi, jioni, Joseph Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, alisimama ukumbi wa Sportpalast jijini Berlin mbele ya watu 14,000 hivi walioteuliwa kwa uangalifu, akawauliza kama wanataka vita kamili. Walipiga kelele kwamba wanataka, na redio ikabeba kelele hizo nchi nzima. Filamu haituonyeshi ukumbi ule, na ni uamuzi wa busara hata kifedha, kama tutakavyoona.

Rudi kwenye chumba cha Mohr. Ushahidi unaovunja uongo mzuri wa nguo za kufuliwa ni stempu. Katika chumba cha Hans zimepatikana 140, mpya, za pfennig 8. Mwanafunzi anataka kumwandikia nani barua 140 za mji ule ule? Nimezidisha: 140 mara 8 ni pfennig 1,120. Marki 11 na pfennig 20. Mshahara wa siku moja na nusu. Mtu anaweza kuuawa kwa stempu za thamani ya kiasi hicho, na chumba hakipazi sauti hata kidogo wakati hesabu hiyo inafanywa; Mohr anazitaja kama mtu anayesoma risiti.

Kesi ilianza Jumatatu saa 4 asubuhi. Mchana ilikuwa imekwisha. Washtakiwa watatu: Hans, miaka 24, Sophie, 21, Christoph Probst, 23, baba wa watoto watatu. Watatu wakahukumiwa kifo, na jioni ile ile watatu wakauawa. Tunaisoma kama siku ya pekee katika historia, nami nilikuwa nikiisoma hivyo, mpaka nilipofanya hesabu ya Freisler. Alishika urais wa mahakama hiyo Agosti 1942, akafa katika shambulio la mabomu tarehe 3 Februari 1945. Ni siku 900 hivi. Katika muda huo jopo alilokuwa akiliongoza lilitoa hukumu za kifo karibu 2,600. Gawa. Unapata hukumu 2.9 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Kwa Freisler, tarehe 22 Februari 1943 ilikuwa siku ya wastani.

Jioni hiyo mamia ya wanafunzi walikusanyika katika ukumbi wa chuo kikuu na kumshangilia Schmid.

Baadaye wakauawa Schmorell na Profesa Huber tarehe 13 Julai, Graf tarehe 12 Oktoba, na Hans Leipelt Januari 1945 kwa kueneza kipeperushi cha sita na kuichangia familia ya Huber fedha. Saba kwa jumla. Nakala 12,400 kwa watu saba. Sitaki kuigawanya hiyo. Lakini nakala moja ilitoka nje ya Ujerumani kupitia nchi za Skandinavia, ikafika Uingereza, na mwaka huo huo wa 1943 ndege za Uingereza zilimwaga maneno ya Huber juu ya miji ya Ujerumani kwa mamilioni. Stempu haikuhitajika.

Sasa upande wa pili wa daftari, yaani sinema.

Filamu ya kihistoria ina ugonjwa mmoja: kila kitu kinachoonekana kinalipiwa. Ukitaka mtaa wa mwaka 1943 utaondoa antena, mabango, alama za barabarani na magari, utakodi magari ya zamani, utafunga mtaa. Kila mwigizaji wa ziada anayepita nyuma anahitaji koti, viatu, kofia, nywele zilizonyolewa kwa mtindo wa wakati ule, usafiri na chakula. Tuseme watu 300 kwa siku moja: ni makoti 300 na sahani 300 kabla kamera haijawashwa. Richard Attenborough alipotengeneza Gandhi aliukusanya umati wa watu karibu 300,000 kwa ajili ya mazishi, timu 11 za wapiga picha zikafanya kazi asubuhi nzima, na kilichobaki katika filamu ni sekunde 125. Ni tukio la ajabu. Ni pia njia ya kufilisika usipokuwa na nchi nzima nyuma yako.

Der Untergang, filamu ya siku za mwisho za Hitler, ilitoka Septemba 2004, miezi michache tu kabla ya Sophie Scholl. Bajeti yake ilikuwa yuro milioni 13.5, na mitaa ya Berlin iliyobomoka ilibidi itafutwe St. Petersburg, Urusi. Valkyrie ya mwaka 2008, juu ya maafisa wa jeshi waliotega bomu tarehe 20 Julai 1944, ilimeza dola milioni 75: ndege, sare, jangwa, Tom Cruise.

Rothemund alikwenda njia nyingine. Sehemu ndefu ya filamu yake ni meza moja, viti viwili, taa, faili. Jumba la Wittelsbach ambamo Gestapo walikuwa na makao yao Munich halipo tena, lilibomolewa miaka ya 1960, kwa hiyo chumba cha mahojiano ni cha kutengeneza. Lakini chumba ni chumba. Mtaani tunatoka mara chache. Mahakama ni ukumbi mmoja. Gereza ni seli, ukorido, ua mdogo. Goebbels hayupo, Stalingrad haipo, mabomu yanasikika tu kwa mbali dirishani huku anga likiwaka. Watu watasema ni filamu ya maonyesho ya jukwaani, na hawajakosea. Mimi naona kuna uaminifu ndani yake: kitendo chenyewe kilikuwa na ukubwa wa meza.

Tena mtaji mkubwa wa filamu hii haukununuliwa. Ni karatasi. Kumbukumbu za mahojiano ya Gestapo zilikaa katika hifadhi za Ujerumani Mashariki, na watafiti wakazipata kwa uhuru baada ya mwaka 1990. Filamu mbili za mwaka 1982 juu ya kisa hiki, Die Weiße Rose ya Michael Verhoeven na Fünf letzte Tage ya Percy Adlon, hazikuwa nazo (na katika zote mbili Sophie aliigizwa na mtu mmoja, Lena Stolze, jambo ambalo sijaliona kwingine). Breinersdorfer ni mwanasheria kitaaluma. Alijua kusoma faili. Nguo za kufuliwa, stempu 140, nani alikiri lini: yote yalikuwa yameshapigwa taipu na serikali yenyewe miaka 62 kabla, kwa mshahara wa serikali. Gestapo waliandika nusu ya mswada bila kujua.

Filamu ilizawadiwa Dubu wawili wa Fedha katika tamasha la Berlin Februari 2005, mmoja wa mwongozaji na mmoja wa Jentsch. Ujerumani iliuza tiketi zaidi ya milioni 1. Dunia nzima iliingiza mlangoni zaidi ya dola milioni 10. Marekani ilipata dola 680,000 hivi. Kwa wastani wa bei ya tiketi ya huko mwaka 2006, dola 6.55, hao ni watazamaji 104,000. Mapato ya mlangoni si faida, na kuyachanganya ni kosa ambalo hata magazeti yetu hulirudia kila wiki: ukumbi hubaki na karibu nusu, msambazaji hukata chake pamoja na gharama za matangazo, na mtayarishaji hupata kilichosalia. Kwa filamu ya mitaa na umati, dola milioni 10 za mlangoni ni msiba. Kwa filamu ya meza na viti viwili, zinavumilika kabisa.

Valkyrie ilikusanya karibu dola milioni 200. Der Untergang ilivuta Wajerumani milioni 4 na nusu. Yaani kwa kila Mjerumani aliyelipa kumwona Sophie Scholl akihojiwa, karibu wanne walilipa kumwona Hitler akifoka ndani ya handaki. Sishangai, dikteta ni nyota wa sinema kuliko karani wa stempu. Ila nikigawa tiketi milioni 1 kwa vipeperushi 12,400, kila kipeperushi kimepata watazamaji 80, na hao ni wa Ujerumani peke yake.

Linganisha na Korea Kusini. Filamu 1987 ya Jang Joon-hwan ilitoka mwisho wa mwaka 2017. Inahusu mwanafunzi Park Jong-chul aliyefia mikononi mwa polisi waliokuwa wakimtesa Januari 1987, na mwenzake Lee Han-yeol aliyepigwa na kopo la gesi ya machozi Juni mwaka huo, na maandamano yaliyolazimisha utawala ukubali uchaguzi wa rais kwa kura za wananchi. Ilitazamwa kumbini na zaidi ya watu milioni 7.2 katika nchi ya watu milioni 51 hivi: mmoja kati ya saba. Ujerumani ni mmoja kati ya 75 hivi. Ubora wa filamu hauelezi tofauti hiyo. Miaka 30 tu ilikuwa imepita. Waliokimbia gesi walikuwa hai, wana watoto wakubwa, wakawachukua wakaenda nao. Tena Seoul ilikuwa na umati wa kweli wa kuonyesha. Munich mwaka 1943 haikuwa na umati, isipokuwa ule uliomshangilia Schmid.

Nayo Machi 2006 Sophie Scholl ilishindania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Ilishindwa na Tsotsi ya Gavin Hood, kutoka Afrika Kusini. Nakumbuka tulivyoshangilia, na nitashangilia tena.

Waliovutiwa na kisa cha fedha ndogo zaidi wanaweza kumtafuta Helmut Hübener wa Hamburg, ambaye kisa chake kilitengenezewa filamu ya Truth & Treason mwaka 2025. Alisikiliza BBC kwa redio ya masafa mafupi, akaandika alichosikia kwa taipureta ya kanisa lake, akaweka karatasi ya kaboni apate nakala. Hakuna stempu, hakuna mashine. Vipeperushi 60 hivi vya aina mbalimbali. Alikatwa kichwa tarehe 27 Oktoba 1942 akiwa na miaka 17.

Hukumu zenyewe zilidumu kuliko serikali iliyozitoa. Verhoeven alimalizia filamu yake ya 1982 kwa maandishi yaliyowaeleza watazamaji kwamba kisheria hukumu dhidi ya Waridi Jeupe zilikuwa bado hazijafutwa, na kelele zikazuka. Bunge la Ujerumani Magharibi lilitamka Januari 1985 kwamba Mahakama ya Umma ilikuwa chombo cha ugaidi; sheria ya kuzifuta hukumu za namna hiyo kwa jumla ilipitishwa mwaka 1998. Katika mwaka huo wa 1985 pia iligundulika kwamba mjane wa Freisler alikuwa akilipwa nyongeza ya pensheni, marki 400 kwa mwezi, kwa hoja kwamba mumewe angepona vita angekuwa na kazi nzuri ya sheria.

Na kuna ankara. Serikali ya Hitler ilikuwa na desturi ya kuzidai familia gharama za kuuawa kwa ndugu zao. Familia ya Karlrobert Kreiten, mpiga piano wa miaka 27 aliyenyongwa Septemba 1943 kwa maneno aliyoyasema nyumbani mwa mtu, ililetewa ya marki 639 na pfennig 20. Mjane wa mwandishi Erich Knauf, aliyeuawa Mei 1944, alidaiwa marki 585 na pfennig 74: mishahara ya miezi mitatu. Ilichanganuliwa kistaarabu, mstari kwa mstari. Ada ya hukumu ya kifo, marki 300. Utekelezaji wa hukumu, marki 158 na pfennig 18. Siku za mahabusu. Wakili aliyewekwa na mahakama. Na mwishoni stempu ya kuipeleka ankara yenyewe kwa posta, pfennig 12.